Majira ya Valvu

Katika kila silinda ya injini ya petroli mna milango midogo ya chuma, mingine ya kuingizia hewa na mafuta na mingine ya kutolea moshi, na injini nzima, hata iwe kubwa namna gani, haifanyi kazi ila kwa kadiri milango hiyo inavyofunguka na kufungwa kwa wakati wake. Mafundi huiita valvu. Katika injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika kila valvu hufunguka na kufungwa mara 50 katika sekunde moja, nayo hufanya hivyo miaka na miaka pasipo mtu kuigusa, kwa amri ya nundu za chuma zilizochongwa juu ya mhimili uitwao kemshafti, ambao huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krankshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Kwa muda mrefu wa karne ya ishirini nundu hizo zilikuwa kama sheria isiyotanguka: zikisha kuchongwa kiwandani, injini itapumua kwa namna hiyo moja hadi siku ya kutupwa, iwe inapanda mlima au imesimama barabarani ikingoja. Habari ninayoisimulia ni ya watu waliokataa kuiridhia sheria hiyo, na ya sababu zilizowafanya wakawie mno kuitangua, maana fikira yenyewe ilikuwako kabla motokaa haijazaliwa. Kilichokosekana kilikuwa ni chombo cha kuitekeleza.

Yafaa kwanza tuifahamu taabu iliyowakabili. Hewa ina uzito, na kitu chenye uzito kikisha kwenda mbio hakisimami mara moja. Pistoni inapoteremka huivuta hewa kupitia valvu ya kuingizia, na injini ikiwa inazunguka kwa kasi, mkondo wa hewa huwa bado unasukumana kuingia hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kurudi juu. Kwa hiyo, mwenye kutaka nguvu nyingi katika mwendo wa kasi huichelewesha valvu kufunga, ili apate ile ziada inayoingia kwa msukumo wake yenyewe. Lakini injini hiyo hiyo ikizunguka polepole, mkondo hauna msukumo wa kutosha, na valvu ikichelewa kufunga, pistoni inayopanda huirudisha nje sehemu ya hewa iliyokwisha kuingia, na nguvu hupungua. Hali kadhalika kuna kitambo kifupi, pistoni inapokuwa juu kabisa, ambapo valvu ya moshi haijafunga bado ilhali ya hewa imekwisha kuanza kufunguka. Katika mwendo wa kasi kitambo hicho kina manufaa makubwa, kwa kuwa moshi unaotoka mbio huivuta hewa mpya nyuma yake. Katika mwendo wa polepole moshi hurudi ndani, injini hutetemeka, na petroli isiyoungua hutoka nje pamoja na uchafu wake. Basi msanifu alilazimika kuchagua: ama injini ya mashindano, yenye nguvu juu na jeuri chini, ama injini ya lori, yenye subira chini na isiyo na pumzi juu. Injini ya mtu wa kawaida ilikuwa suluhu kati ya hizo mbili, na kama zilivyo suluhu nyingi, haikuridhisha upande wowote.

Wenye mashine za mvuke walikuwa wamekwisha kulitatua jambo hili kwa njia yao. James Watt alipata hataza mwaka 1782 ya kuukata mvuke kabla pistoni haijamaliza safari yake, ili mvuke uliokwisha kuingia utanuke na kufanya kazi peke yake. Na mwaka 1842, katika karakana ya Robert Stephenson mjini Newcastle, William Williams na William Howe waliunda mtambo wa vipande vya chuma vilivyounganishwa, ambao kwa huo dereva wa garimoshi aliweza, kwa mkono wake, kuongeza au kupunguza muda wa kuingia mvuke wakati gari liko mwendoni. Miaka miwili baadaye Egide Walschaerts wa Ubelgiji akaleta mtambo wake, nao ukaenea dunia nzima. Waliozikuta zile garimoshi kubwa za Garratt za daraja la 59, ambazo East African Railways ilizitia njiani tangu mwaka 1955 kuvuta mabehewa kati ya Mombasa na Nairobi, waliuona mtambo huo wa Walschaerts ukichezacheza nje kando ya magurudumu: dereva akiondoka stesheni huupa mvuke nafasi ndefu, na mwendo ukisha kushika huifupisha, akaokoa maji na mafuta. Maana yake ni kwamba mtu aliyekuwa akiendesha garimoshi katika enzi ya Malkia Victoria alikuwa na mamlaka zaidi juu ya majira ya valvu zake kuliko dereva wa motokaa ya mwaka 1975.

Injini ya petroli ilianza katika njia nyingine. Nikolaus Otto aliikamilisha injini yake ya hatua nne mwaka 1876, na wale waliomfuata, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, katika injini zao za kwanza za mbio waliiacha valvu ya hewa ifunguke yenyewe kwa kuvutwa na pistoni, ikizuiwa na springi dhaifu tu, na nundu ikawekwa kwa ajili ya valvu ya moshi peke yake. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, lakini haikuweza kufuata mwendo mkubwa, na haikuchukua muda mrefu valvu zote mbili zikatiwa chini ya amri ya kemshafti. Ni katika kipindi hicho hicho, katika mji wa Detroit, ndipo palipotokea jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote katika historia hii. Alanson Brush, mhandisi wa Cadillac, aliomba hataza mwezi wa Agosti mwaka 1903, akaipata mwaka uliofuata, ya mtambo uliobadili kina cha kufunguka kwa valvu ya hewa katika injini ya silinda moja. Dereva alipotaka mwendo aliisogeza nyenzo, na valvu ikafunguka zaidi. Alipotaka kupunguza, ikafunguka kidogo. Hapakuwa na haja ya kilango kingine cha kuisonga hewa njiani, kwa kuwa valvu yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo. Gari lile liliuzwa na kutumika, kisha fikira yenyewe ikaachwa, kwa sababu kabureta yenye kilango chake ilikuwa rahisi kutengeneza, na injini za silinda nyingi zilizokuwa zikija zisingeweza kusawazishwa kwa nyenzo zile za wakati ule. Tutakutana nayo tena.

Kuanzia hapo wasanifu walielekeza bidii zao penginepo. Ernest Henry na madereva wa Peugeot walitengeneza gari la mashindano la mwaka 1912 lenye kemshafti mbili juu ya vichwa vya silinda na valvu nne kwa kila silinda, na umbo hilo limebaki kuwa msingi wa injini nyingi hadi leo; lakini majira yake yalikuwa thabiti kama ya nyingine zote. Ajabu ni kwamba aliyesogea mbele zaidi alikuwa si mtu wa motokaa bali wa ndege. Katika siku za mwisho za Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Lycoming ya Marekani iliunda injini ya silinda 36, yenye ujazo wa takriban lita 127 na nguvu za farasi 5,000, kwa ajili ya ndege za kivita za masafa marefu. Kemshafti zake zilikuwa na seti mbili za nundu, moja ya kurukia kwa nguvu zote na moja ya kusafiria kwa kubana mafuta, na kemshafti ziliweza kusogezwa kwa urefu wake ili kuhama kutoka seti moja hadi nyingine. Injini za jeti zikaja, na dude lile kubwa likaishia katika jumba la makumbusho. Hata hivyo lilikuwa limethibitisha kwamba injini moja yaweza kuwa na tabia mbili, na kila moja ikamilike kwa kazi yake.

Kwa nini basi motokaa zilikawia? Jibu langu ni kwamba petroli ilikuwa rahisi na moshi haukuwa na mshtaki. Mnunuzi aliyetaka nguvu zaidi aliuziwa injini kubwa zaidi, na mambo yakaisha. Hali hiyo ilibadilika ghafula katika muda wa miaka mitatu: mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi, na mwaka 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta zikazuia kuyauza kwa waliokuwa wakiisaidia Israeli, bei zikapanda kote ulimwenguni. Kuanzia hapo injini ilitakiwa iwe na nguvu, ile kidogo, na isitoe uchafu, mambo matatu ambayo nundu moja haiwezi kuyatimiza pamoja. Giovanni Torazza wa Fiat alikuwa amekwisha kubuni mtambo uliotumia shindikizo la oili kusogeza egemeo la vipande vinavyofuata nundu, ili kina na majira ya valvu vifuate mwendo wa injini. General Motors nao walipata hataza yao mwaka 1975, wakakusudia kupunguza kina cha kufunguka pale injini inapokuwa na mzigo mdogo, lakini walishindwa na mwenendo wa valvu katika vina vidogo mno, wakaacha.

Aliyefikisha jambo hili mikononi mwa mnunuzi alikuwa Giampaolo Garcea wa Alfa Romeo. Garcea hakutaka kubadili umbo la nundu wala kina chake. Alitosheka kuigeuza kidogo kemshafti yenyewe ya valvu za hewa ukilinganisha na mnyororo unaoizungusha. Mwishoni mwa kemshafti alitia kipande chenye meno ya mshazari, na oili ya injini ilipokisukuma kipande hicho kwenda mbele, meno yaliulazimisha mhimili kujipinda hatua kadhaa, valvu zikaanza kufunguka mapema. Shindikizo likiondolewa, springi huurudisha. Palikuwa na hali mbili tu, mapema na baadaye, na mtambo huo ulitiwa mwaka 1980 katika gari la Alfa Romeo Spider la lita 2 lililopelekwa soko la Marekani. Hilo ndilo gari la kwanza lililouzwa kwa watu wote likiwa na mtambo wa kubadili majira. Tazama jinsi alivyochagua: hakutafuta mashine mpya, alitumia oili iliyokuwa tayari ikizunguka ndani ya injini kulainisha vyuma, akaipa kazi ya pili. Karibu wote waliofuata walipita katika mlango huo.

Sasa tufike Japani, na hapa sitaharakisha. Honda walikuwa wameonja jambo hili katika pikipiki: mwaka 1983 pikipiki yao ya CBR400F ilikuwa na mtambo uliotumia valvu mbili za kila silinda katika mwendo mdogo, kisha ukaziamsha zote nne katika mwendo mkubwa. Mwaka uliofuata wakaanza utafiti wa injini mpya ya magari, na kazi ya kuikamilisha ikamwangukia Ikuo Kajitani. Kajitani alikusudia kupata nguvu za farasi 90 kwa kila lita moja ya ujazo, jambo ambalo kwa gari la kawaida lisilo na turbo lilikuwa kubwa. Nobuhiko Kawamoto, aliyekuwa mkuu wa idara ya utafiti, na ambaye baadaye alikuwa rais wa kampuni, akamwuliza kwa nini asitafute 100. Idadi hiyo ilikuwa ya injini za mashindano, zinazofunguliwa na kutengenezwa upya kila baada ya safari, wala si ya gari ambalo mtu hulipeleka kazini na sokoni kwa miaka 10.

Mtambo walioubuni, uitwao VTEC, ni wa kustaajabisha kwa unyofu wake. Kila jozi ya valvu ilipewa nundu tatu badala ya mbili: za pembeni ni fupi, zenye majira ya upole, na ya katikati ni ndefu, yenye majira ya mashindano. Juu ya kila nundu kuna roka yake, yaani mkono wa chuma unaopigwa na nundu. Katika mwendo mdogo roka tatu hizo huenda kila moja kwa njia yake. Za pembeni zinafungua valvu, na ile ya katikati, ingawa inapigwa na nundu yake ndefu, haigusi valvu yoyote, hucheza bure dhidi ya springi. Mizunguko ikifika takriban 5,000 kwa dakika, kompyuta ya injini huifungulia oili njia, na oili husukuma pini ndogo za chuma zilizolala ndani ya roka. Pini hizo hupenya kutoka roka moja hadi nyingine, zikazifunga zote tatu kuwa kitu kimoja, na kuanzia hapo valvu zote mbili hufuata nundu ndefu ya katikati. Mwendo ukipungua, oili huondolewa, pini hurudi, na injini huwa ya upole tena. Yote hayo hutendeka katika kufumba na kufumbua, na pini lazima ipenye kwenye tundu lake pale roka zote zinapokuwa zimelala juu ya mgongo wa nundu, pasipo kugota. Mwezi wa Aprili mwaka 1989 injini hiyo, yenye ujazo wa lita 1.6, ilitoka katika gari la Integra ikiwa na nguvu za farasi 160, yaani 100 kwa lita kama alivyotaka Kawamoto, na mizunguko yake ilifika 8,000. Waliolipanda wanasimulia mlio wake unavyobadilika ghafula pale pini zinapopenya, kama kwamba injini nyingine imewashwa ndani ya ile ya kwanza. Miaka miwili baadaye Honda wakautumia mtambo huo huo kwa kusudi kinyume, katika Civic iliyokusudiwa kubana mafuta, ambamo katika mwendo mdogo valvu moja ya hewa karibu haifunguki, ili hewa inayoingia kwa valvu ya pili izunguke kwa kasi ndani ya silinda na kuchanganyika vema na petroli kidogo. Kwa rai yangu hilo la pili ndilo lililokuwa na uzito zaidi kwa ulimwengu, ijapokuwa la kwanza ndilo lililowapa sifa.

Baada ya Honda kila mmoja alileta wake. BMW walianza na VANOS mwaka 1992, kwa gia za mshazari mfano wa zile za Garcea, na kabla ya muongo huo kwisha waliyatawala majira ya kemshafti zote mbili. Toyota, ambao mwaka 1991 walikuwa na mtambo wa hatua mbili tu, walitoa mwaka 1995 ule unaojulikana kila mahali kwa jina la VVT-i, kwanza katika injini ya silinda 6 ya Crown. Tofauti yake ni kwamba hauna hatua: kompyuta hupima mizunguko, hewa inayoingia na jinsi dereva anavyokanyaga pedeli, kisha huigeuza kemshafti ya hewa kwa kiasi chochote kati ya mwanzo na mwisho wa nafasi yake. Hapo mwanzo ulikuwa na gia za mshazari. Baadaye ukapewa kifaa chenye mabawa ndani ya gurudumu la cheni, ambamo oili ikitiwa upande mmoja wa bawa huipeleka kemshafti mbele, na ikitiwa upande wa pili huirudisha. Kufikia mwaka 1999 VVT-i ilikuwa imekwisha kuingia katika Vitz ya lita 1, gari la bei nafuu kabisa. Na katika Prius, iliyotoka Desemba 1997, valvu ya hewa huachwa wazi muda mrefu baada ya pistoni kuanza kupanda, makusudi, ili sehemu ya hewa irudi nje na safari ya kusukumwa na moto iwe ndefu kuliko ya kuibana hewa. Hilo ndilo lililotafutwa na James Atkinson, Mwingereza, mwaka 1882, kwa nyenzo za chuma zilizokuwa nzito na tata; majira ya valvu yakalipata pasipo kuongeza kipande kimoja cha krankshafti.

Ilibaki ile kazi aliyoianza Brush. Injini ya petroli huongozwa kwa kilango cha hewa, na kila dereva anapopunguza mafuta kilango husonga njia, pistoni ikawa inavuta hewa kwa shida kupitia upenyo mdogo, na nguvu inayopotea katika kuvuta huko ni hasara tupu. Mwaka 2001 BMW walitoa Valvetronic katika gari dogo la 316ti Compact. Mota ya umeme huuzungusha mhimili usio na duara kamili, nao huegemeza nyenzo iliyo kati ya nundu na roka, hata valvu ya hewa huweza kufunguka chini ya nusu ya milimita au karibu milimita 10, kwa kadiri ya mguu wa dereva. Kilango cha zamani kilibaki kwa dharura tu. Karibu miaka 100 tangu lile gari la Detroit, valvu ikawa tena kipimo cha mwendo, na safari hii ikaweza kusawazishwa katika silinda zote, kwa sababu kompyuta ilikuwapo ya kufanya hesabu. Fiat nao, kampuni ya Torazza, mwaka 2009 wakatia katika Alfa Romeo MiTo mtambo wa MultiAir, ambamo kati ya nundu na valvu ya hewa hakuna chuma bali oili iliyofungiwa, na sumaku ya umeme huiachilia oili hiyo wakati wowote, valvu ikajifunga hata kama nundu haijamaliza kuisukuma. Koenigsegg wa Sweden wameonyesha injini isiyo na kemshafti kabisa, lakini hiyo ni ya magari machache mno.

Huku kwetu habari hii si ya mbali. Vitz, IST, Premio, Probox na Noah zinazoshushwa kila mwezi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam zikiwa zimetumika Japani zina maandishi ya VVT-i juu ya kava la injini, na mwenye gari aghalabu huyasoma kama jina tu. Ajue kwamba mtambo huo hauna nguvu nyingine isipokuwa oili. Katika njia ya oili inayokwenda kwenye kemshafti mna valvu ya kuiongoza yenye umbo la kidole, na mara nyingi kichujio cha nyavu ndogo mno. Oili ikikaa muda mrefu ikawa nzito na yenye tope, nyavu huziba, valvu hukwama, na injini huanza kutetemeka ikiwa imesimama, kukosa nguvu mlimani na kula petroli, na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Wengi huanza kwa kununua plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha hata kubadilisha injini nzima, ilhali kasoro ni uchafu ambao ungeondolewa kwa kazi ya asubuhi moja. Basi, mwenye gari la namna hii, tia oili yenye wepesi uliotajwa katika kitabu cha gari, wala si ile nzito inayosifiwa dukani kwamba huziba uchakavu. Ibadilishe pamoja na filta kabla muda haujapita. Chomoa kijiti cha oili ukitazame angalau kila wiki. Na fundi akikwambia kwamba mtambo haufanyi kazi, mwombe kwanza aitoe ile valvu ya oili na nyavu yake, azisafishe na kuzijaribu mbele yako, kabla hujatoa fedha kwa kitu kingine.